"Nikikisahau, kitafanya nini?": namna ya kubuni dripu isiyomdhuru mgonjwa

Mara ya kwanza nilipopeleka wodini kifaa nilichokibuni mwenyewe, nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuposa. Kilikuwa kisanduku kidogo cha kubana kwenye stendi ya dripu. Kilikuwa na skrini na taa tatu, kinahesabu matone, na kinapiga kengele maji yakikaribia kuisha. Muuguzi mkuu wa zamu alinisikiliza hadi mwisho, mikono kaikunja kifuani, halafu akaniuliza swali moja.

"Mwanangu, nikikisahau, kitafanya nini?"

Nikaanza kumweleza upya habari za kengele. Akatikisa kichwa. "Sijakuuliza kitapiga kelele gani. Nina vitanda vingi na mikono miwili. Nikikisahau kabisa, kitamfanya nini mgonjwa?"

"Sista, hapo sijafika," nikamjibu, nikafungasha kisanduku changu.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Kabla ya kubuni chochote nilikaa miaka mingi nikifungua pampu mbovu, nikisafisha sukari iliyogandia kwenye mota, nikibadilisha betri na vitufe vilivyochakaa. Nilidhani nazijua dripu. Tangu siku ile kila sehemu, kuanzia ndoano inayoshika mfuko hadi kanula, kile kibomba chembamba kilichoingia mshipani mkononi, naiuliza swali la yule sista. Haya ninayoyaandika ni kwa wanafunzi wa uhandisi na mafundi wenzangu wanaotaka kuingia kwenye kazi hii.

Kabla hatujaanza: kila kitu hapa kinafanyika karakanani, kwa maji na ndoo. Kifaa ambacho hakijapimwa na kuidhinishwa na mamlaka ya vifaa tiba hakiunganishwi na mwili wa mtu, hata awe ni wewe mwenyewe umejitolea, hata iwe kwa dakika mbili.

Kaa wodini kwanza

Omba ruhusa ukae zamu nzima, ikiwezekana ya usiku. Usiwaulize wauguzi wanataka kifaa gani, maana watakujibu kwa adabu na utaondoka na orodha ya mambo uliyokuwa unayafikiria wewe. Angalia mikono yao. Utamwona muuguzi anahesabu matone kwa sekunde 15 kisha anazidisha kwa nne, kwa kuwa hana dakika nzima ya kusimama kitanda kimoja. Utaona mgonjwa anakwenda msalani ameshika mfuko mwenyewe, umeshuka usawa wa kiuno, na damu imeanza kurudi kwenye mrija. Utaona mfuko unaovuja kidogo umening'inia juu ya pampu na maji yanadondokea vitufe.

Utaona pia kipande cha plasta kilichobandikwa ubavuni mwa mfuko, kimechorwa mistari kwa kalamu na saa zimeandikwa kando yake: ikifika saa fulani, maji yawe yameshuka hadi mstari huu. Plasta hiyo iheshimu sana. Ni chombo cha usalama kisichohitaji umeme, na mtu yeyote anayepita anaweza kukisoma. Kisanduku changu cha kwanza kilikuwa kinaziba sehemu ile ile inayobandikwa plasta. Yaani niliondoa kinga iliyokuwepo nikaweka taa.

Dripu ya mvuto ina hesabu zake

Wengi hukimbilia mota na programu wakati dripu nyingi huendeshwa na uzito wa maji tu. Anza hapo.

Seti ya kawaida ya watu wazima, yaani mrija pamoja na chemba yake ya matone, hutoa matone 20 kwa ml 1. Zipo za 10 na za 15, na zipo za matone madogo, 60 kwa ml 1, ambazo zina urahisi wake: idadi ya matone kwa dakika ni sawasawa na ml kwa saa. Ukitaka ml 1,000 ziingie kwa muda wa saa 8 kwa seti ya 20, unazidisha 1,000 kwa 20, unagawa kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika. Takriban tone moja kila sekunde 1.4. Hesabu ni nyepesi. Tatizo ni kwamba matone hayo 42 hayabaki 42.

Sababu ya kwanza ni kile kigurudumu cha kupunguzia maji. Kinabana mrija wa plastiki ya PVC, na PVC laini ikibanwa haitulii, inaendelea kulegea na kujipanga upya taratibu. Unaweka matone 42, unaondoka, unarudi unakuta 30 au 50. Wauguzi wanalijua hili kwa uzoefu, ndiyo maana hurudi kukagua muda mfupi baada ya kufungua dripu. Ukibuni kibano chako, pima kasi mara tu unapoweka, kisha pima tena baada ya dakika 15, 30 na 60, bila kukigusa.

Sababu ya pili ni kimo. Mita moja ya maji inasukuma kwa milimita 74 za zebaki, kipimo kile kile cha presha. Mfuko ukiwa sentimita 80 juu ya mkono, msukumo ni kama 59. Mshipa wenyewe unasukuma nyuma, tuseme 10, kwa hiyo zinabaki 49. Sasa inua kitanda sentimita 30. Msukumo unashuka hadi 37, ukitoa 10 zinabaki 27. Kasi imepungua karibu nusu na hakuna aliyegusa dripu. Ndiyo sababu siwapendi watengenezaji wanaochapisha namba za ml kwa saa kwenye vidude vya kuzungusha. Namba hizo ni kweli kwa kimo kimoja, kwa maji ya uzito mmoja. Kama kifaa chako hakiwezi kuitimiza namba, usiichapishe. Weka alama zisizo na vipimo, mtu alazimike kuhesabu matone.

Kinga iliyo bora kuliko zote kwenye dripu ya mvuto, kwa maoni yangu, ni ile chemba ya kupimia inayokaa kati ya mfuko na mrija, ya ml 100 hadi 150. Unaijaza kiasi unachokusudia, unafunga juu, na ndani yake kuna kiboya kinachoziba njia maji yakiisha. Muuguzi akiisahau, inaisha na inasimama. Mgonjwa hapati zaidi ya kilichomo. Lijibu swali la sista kwa chombo hiki uone lilivyo jepesi.

Maji yanayokimbia yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu hufa.

Niliwahi kupokea pampu inayolalamika kwamba mlango haufungi. Nikaifunga mezani na mfuko wa maji juu, ndoo chini, nikafungua mlango nikachomoa mrija ili nitazame lachi, yaani komeo la mlango. Nikageuka kutafuta bisibisi. Niliporudi ndoo ilikuwa na maji zaidi ya ml 200. Kigurudumu kilikuwa wazi kabisa, kama kinavyotakiwa kuwa pampu ikifanya kazi. Kilichokuwa kinazuia maji ni vidole vya pampu peke yake, vile vinavyobana mrija na kusukuma maji, na mimi nilikuwa nimeutoa mrija kwenye vidole hivyo.

Fanya hesabu ya mtoto. Kanula ya geji 24, ile nyembamba, hupitisha takriban ml 20 kwa dakika njia ikiwa wazi. Mtoto wa kilo 5 ana damu kama ml 80 kwa kila kilo, jumla ml 400. Mfuko wa ml 500 ukiachiwa unaweza kumwishia wote ndani ya nusu saa: maji mengi kuliko damu yake yote. Na si lazima yafike huko ili yadhuru. Jaribio la FEAST lililochapishwa mwaka 2011, lililohusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, lilikuta vifo vingi zaidi kwa watoto waliopewa maji mengi kwa haraka kuliko kwa wale ambao hawakupewa.

Mwaka 2003 Joint Commission, shirika la Marekani linaloidhinisha hospitali, liliweka miongoni mwa malengo yake ya usalama kwamba pampu zote za matumizi ya kawaida na zile za dawa za maumivu zinazoendeshwa na mgonjwa ziwe na kinga dhidi ya maji kujiachia. Kinga yenyewe si ya ajabu. Ni kibano chenye springi kilicho kwenye mrija, si kwenye pampu. Hali yake ya kuzaliwa ni kufunga. Ukiingiza mrija kwenye pampu, pampu yenyewe inakifungua. Ukiutoa, springi inarudi. Mtu haombwi kukumbuka lolote.

Ukitaka kukitengeneza, zingatia mambo haya. Sehemu inayobanwa iwe ya silikoni, si PVC, kwa sababu PVC iliyobanwa mahali pamoja kwa muda mrefu hubaki na alama na haifunguki sawasawa, wakati silikoni hurudi umbo lake. Springi iwe na nguvu ya kuzuia maji yaliyo juu zaidi ya kimo cha kawaida. Mimi hupima kwa mfuko ulioinuliwa mita 1.5, tena nikiuminya kwa mkono, maana kuna watu huuminya. Mlango uwe na pingu: usiweze kufunguka mpaka kibano kimesharudi. Na upinge ushawishi wa kuweka kitufe cha "kufungua kwa muda" ili kutoa hewa kwenye mrija kwa urahisi. Kitufe hicho kitafungwa kwa plasta kikae wazi siku nzima. Nimeshakutana na plasta hiyo.

Lakini kuna jambo ambalo vitabu vya darasani hulipita haraka: kufunga si usalama kila mara. Mgonjwa anayeshikiliwa na noradrenalini, dawa ya kupandisha presha inayokwisha nguvu mwilini ndani ya dakika chache, ukimfungia dripu presha yake inaporomoka. Kwa maji ya kawaida, hali salama ni kusimama. Kwa dawa kama hizo, hali salama ni kuendelea kwa kasi ile ile huku ukipiga kelele, na kuwa na betri ya kutosha kufanya hivyo. Kaa na wauguzi na madaktari mwandike, dawa kwa dawa, kifaa kifanye nini kila aina ya hitilafu inapotokea. Kiwango cha ISO 14971 kinachohusu udhibiti wa hatari kinadai kazi hiyo kimaandishi, ila usiifanye kwa ajili ya faili.

Kihisi cha matone, na tone lililokataa kuanguka

Karibu kila mwanafunzi anayenijia ameshatengeneza kihisi cha matone: taa ya infraredi upande mmoja wa chemba ya matone, kipokezi upande wa pili, tone likipita mwanga unakatika, unahesabu moja. Kwenye meza ya maonyesho kinafanya kazi vizuri. Changu pia kilifanya.

Siku ya pili ya majaribio namba zikaanza kuruka. Kisanduku kilisema matone 80 na macho yangu yalihesabu 40. Nikasogeza uso karibu na chemba. Ndani ya ukuta wake kulikuwa na ukungu, na mbele kabisa ya taa palikuwa na tone moja dogo limeng'ang'ania plastiki. Kila tone halisi lilipodondoka kwenye kidimbwi cha chini, chemba nzima ilitikisika kidogo na lile tone la ukutani likachezacheza kama jicho linalopepesa. Kihisi kiliona yote mawili. Kingekuwa kinaongoza kibano, kingepunguza maji kwa nusu na kuonyesha kwamba mambo ni shwari.

Dawa yake ni mihimili miwili ya mwanga, mmoja juu ya mwingine. Tone linaloanguka lina adabu za mvuto. Ukiweka mhimili wa kwanza sentimita 1 chini ya ncha inayodondosha matone na wa pili sentimita 2, litapita wa kwanza kisha wa pili baada ya milisekunde 19 hivi. Kitu chochote kinachokata mhimili mmoja tu, au yote kwa wakati mmoja, au kwa mpangilio wa kinyume, si tone. Kikatae. Pia usiache taa ikiwaka mfululizo: iwashe na kuizima mara elfu kadhaa kwa sekunde, ukilinganisha mwanga uliopo taa ikiwa imewaka na ikiwa imezimwa, vinginevyo jua la dirishani litakuhesabia matone ya kwake. Na uweke njia ya kujua chemba ikiinama, kwa kuwa ikilala ubavu matone huteleza ukutani wala hayapiti katikati.

Tego kubwa kuliko yote hayo ni hili: maji yakienda kasi sana, matone huungana yakawa uzi mmoja. Mwanga haukatiki tena. Kihisi kinasema "hakuna tone". Kwa hiyo ujumbe mmoja una maana mbili zinazopingana, ama njia imeziba, ama mgonjwa anamiminiwa. Kifaa kinachofungua zaidi kisipoona tone kinaweza kuua.

Ndiyo maana sitengenezi tena kihisi cha matone bila mizani kwenye ndoano. Ml 1 ya maji ya chumvi ni gramu 1 na punje kidogo. Kwa kasi ya ml 125 kwa saa, mfuko unapoteza gramu 2 hivi kila dakika, kwa hiyo mizani ya kawaida inahitaji dakika kadhaa kuwa na uhakika, na mtu akiugusa mfuko inachanganyikiwa. Tone linakuambia mapema lakini linadanganya kidogo, hasa kwa kuwa ukubwa wake hubadilika kulingana na dawa iliyomo na hata kasi yenyewe. Uzito unachelewa lakini unajua kiasi halisi kilichotoka. Vikitofautiana, usimchague mmoja. Simamisha au ita mtu, kama mlivyoandika kwenye ile orodha ya dawa.

Namba zinazoingizwa kwa kidole

Kati ya mwaka 2005 na 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipokea taarifa takriban 56,000 za matukio yanayohusu pampu za dripu, na pampu zikarudishwa kwa watengenezaji mara 87. Mwaka 2010 ikaanzisha mpango maalumu wa kuziboresha. Miongoni mwa hitilafu zilizotajwa ni kitufe kinachobonyezwa mara moja na kusomwa mara mbili. Hiyo naijua kwa vidole vyangu. Utando wa kitufe ukichakaa, mguso wake hurukaruka, na 2 inakuwa 22. Ucheleweshaji wa milisekunde chache kwenye programu unatosha kitufe kikiwa kipya. Kipime kikiwa kimebonyezwa mara laki moja.

Hata kitufe kikiwa kizima, binadamu yupo. Mwaka 2006 nchini Canada, mgonjwa wa saratani aliwekewa fluorouracil, dawa ya saratani, iliyokusudiwa kuingia kwa siku 4. Iliingia kwa saa 4. Kwenye lebo kulikuwa na namba mbili, ml 28.8 kwa saa 24 na ml 1.2 kwa saa, na iliyoingizwa kwenye pampu kama ya kila saa ni 28.8. Wauguzi wawili walikagua hesabu. Mgonjwa alifariki. Siioni habari hii kama ya uzembe. Pampu ilipewa namba inayowezekana, ikaitii.

Kitu kimoja cha bei rahisi kingeweza kuifichua: kabla ya kuanza, skrini iandike kwa sentensi kamili kitakachotokea. "Mfuko huu utaisha baada ya saa 4." Mtu aliyeambiwa siku 4 anashtuka. Namba 28.8 haimshtui yeyote. Kwenye kifaa cha Kiswahili, hapa kuna mtego wetu wenyewe: "utaisha saa 4" na "utaisha baada ya saa 4" ni vitu viwili. Usiandike kamwe "saa 4" peke yake. Andika "baada ya saa 4", na siku zikiwepo, "baada ya siku 4".

Mengine ni ya kawaida lakini yanasahaulika. Andika 0.5, si .5. Andika 5, si 5.0, kwa maana nukta ikifutika inabaki 50. Sehemu ya desimali iwe ndogo kuliko namba kamili ili jicho lizitofautishe. Kuhusu namna ya kuingiza, wengi wanapenda vitufe vya namba kama vya simu kwa kuwa ni vya haraka. Harold Thimbleby na wenzake walipochunguza, waliona kwamba watu wanaotumia vitufe vya kupandisha na kushusha huangalia skrini zaidi na kugundua makosa yao zaidi, wakati wenye vitufe vya namba huangalia vidole. Mimi huchagua mishale. Inachelewesha sekunde tatu, nazitoa kwa moyo mkunjufu.

Ukiweka orodha ya dawa yenye mipaka, iwe na mipaka ya aina mbili: ule unaouliza "una hakika?" na ule unaokataa kabisa. Wa kuuliza ukiwa mwingi, watu watabonyeza "ndiyo" bila kusoma.

Hewa, kuziba na viungio

Kihisi cha hewa hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika, yakipita mrijani: maji huyapitisha, hewa huyazuia. Kazi ngumu ni kuamua kiputo gani kipigiwe kengele. Ukipigia kila kipovu, kengele itanyamazishwa daima. Jumlisha hewa iliyopita ndani ya dakika kadhaa, uonye kwa jumla hiyo.

Kuziba kunahitaji uvumilivu kidogo wa hesabu. Mrija ukiziba, pampu inaendelea kusukuma na mrija unavimba mpaka shinikizo lifike kikomo ulichoweka. Tuseme unavimba ml 0.5 kabla kengele haijalia. Kwa ml 100 kwa saa ni sekunde 18. Kwa ml 1 kwa saa ni nusu saa, na muda wote huo mgonjwa hapati kitu. Kisha muuguzi anakunjua mrija uliokunjika, na zile ml 0.5 zinaingia kwa mpigo mmoja, dozi ya nusu saa nzima. Kwa hiyo kwa kasi ndogo tumia mrija mgumu na mwembamba, shusha kikomo cha shinikizo, na uifanye mota irudi nyuma kidogo mara inapogundua kuziba, kabla mtu hajaukunjua mrija.

Viungio sitavisemea sana. Kiungio cha Luer, kile cha kawaida cha bomba la sindano na mirija, chenye mteremko wa asilimia 6, kimefanikiwa mno hadi kikaingia kila mahali, na mrija wa chakula ukaweza kuungwa na mshipa. Viwango vya ISO 80369 vimevitenganisha: sehemu ya 3 ya chakula, ya 6 ya mishipa ya fahamu na uti wa mgongo, ya 7 ya mishipa ya damu. Fuata viwango hivyo. Rangi peke yake haizuii kitu, kwa kuwa gizani rangi zote ni moja.

Kengele ziwe chache. IEC 60601-1-8, kiwango cha kimataifa cha kengele za vifaa tiba, inazipanga kwa uzito, ya dharura kuu ikiwa na mapigo 10 na taa nyekundu inayomweka, ya kati mapigo 3. Usibuni wimbo wako. Na maganda ya nje, kabla ya kununua plastiki, yalowekwe kwa dawa zinazotumika kusafishia wodini huku yakiwa yamekazwa kwa skrubu zake. Polikaboneti huonekana ngumu kama jiwe, halafu baada ya miezi ya kufutwa kwa dawa kali inapasuka kwenye matundu ya skrubu, maji ya chumvi yanaingia, na inarudi kwangu mezani.

Kupima

Weka chombo juu ya mizani inayosoma gramu 0.01, mimina mafuta kidogo juu ya maji ili yasipungue kwa mvuke, na rekodi uzito mfululizo kwa saa nyingi. Kwa kasi ndogo mvuke ni wizi mkubwa kuliko unavyodhani. IEC 60601-2-24, kiwango cha pampu za dripu, inaeleza namna ya kuchora kosa kwa vipindi vya dakika 2, 5, 11, 19 na 31, na mchoro wake unatoka kama mdomo wa tarumbeta. Wastani wa saa nzima unaweza kuwa mzuri huku kila dakika mbili dawa ikija kwa mafungu. Kwa maji si neno, kwa noradrenalini ni presha inayopanda na kushuka.

Baada ya hapo anza kukitesa. Chomoa betri katikati ya kazi. Kata waya wa kihisi kimoja kimoja uone kama kinagundua au kinaendelea kwa namba ya zamani. Mwagia maji ya sukari, acha usiku kucha, washa asubuhi. Tumia seti ya kampuni nyingine, kwa sababu kuna siku ile sahihi itakuwa imekwisha. Sukuma stendi kwenye kizingiti cha mlango ikiwa na mifuko yote juu. Halafu mpe muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, usimfundishe, ukae kimya. Ukimya huo ni mgumu kuliko saketi zote. Nilijiziba mdomo kwa kiganja.

Nilirudi kwa yule sista na toleo la nne, ambalo sasa lilikuwa pampu. Tulikuwa kwenye chumba cha mafunzo, mrija umeelekezwa kwenye beseni. Hakuniuliza swali lolote. Alitundika mfuko, akafungua kigurudumu hadi mwisho, akaanzisha pampu, kisha katikati ya kazi akafungua mlango, akauchomoa mrija, akauachia uning'inie. Akatoka kwenda kunywa chai.

Nikabaki nimetazama ncha ya mrija. Tone moja lilikuwa limejikusanya pale, limening'inia, halikudondoka. Sista aliporudi alipitisha kidole ndani ya beseni, akakiangalia, akakifuta kwenye aproni.

"Haya," akasema, akivuta kiti. "Sasa nionyeshe hizo taa zako."